Barua ya Kuomba Katiba

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilifundisha Siasa katika shule moja ya sekondari wilayani Tarime. Somo nililolipenda zaidi lilikuwa haki za raia. Nilikuwa na sauti nzuri na shati jeupe, na nilipowaambia kidato cha tatu kwamba hakuna mtu anayewekwa ndani bila kuambiwa kosa lake, niliamini kila neno.

Siku moja akasimama mwanafunzi wa viti vya nyuma, mtu mzima kidogo, aliyeanza shule baada ya kuchunga ng'ombe miaka mingi. Kwao ni Nyansurura. Baba yake alikuwa amechukuliwa kwenye msako wa wezi wa mifugo, na wiki ya tano ilikuwa inakwisha bila kufikishwa mahakamani.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "hiyo haki inaanza siku ya ngapi?"

Darasa halikucheka. Nikajibu kwamba nitaangalia kwenye Katiba. Maktaba yetu ilikuwa na hotuba za kujaza makabati mawili, lakini Katiba haikuwamo, na mkuu wa shule hakuwahi kuiona. Basi nikaandika barua wilayani, kwa heshima zote, kuomba nakala moja.

Jibu lilikuja kwa Landrova. Nilichukuliwa katikati ya kipindi, chaki mkononi, nikakalishwa kwenye benchi la ofisi moja mjini tangu asubuhi hadi jioni. Nilimwuliza askari wa mlangoni nina kosa gani. Akasema nitulie, maana hata yeye hakuambiwa. Nikatulia. Yote niliyokuwa nikifundisha yalinitoka kichwani. Nilimuwaza mke wangu tu, na nani atamwambia niliko.

Mwishowe nikaitwa ndani. Ofisa, mtu mpole aliyenikaribisha chai, alitaka kujua nani amenituma kuitafuta Katiba. Nikasema ni mimi mwenyewe, kwa ajili ya somo. Sikumtaja mwanafunzi wangu, na hilo ndilo jambo pekee la siku ile ninaloweza kulisimulia bila aibu. Kwa sababu aliponishauri nifundishe kilimo cha pamoja, mada isiyo na maswali mengi, nilimshukuru. Nilipofika mlangoni nikajikaza kumwuliza kama yeye anayo nakala.

"Sina," akasema. "Ukiipata, niazime."

Wiki chache baadaye baba wa yule mwanafunzi aliachiwa, bila mashtaka wala maelezo. Mwanawe akaja nyumbani kwangu na mbuzi. Baba yake alikuwa amesikia kuna mwalimu aliyeandika barua serikalini, akaamini ndiyo iliyomtoa. Nilimweleza kijana kwamba barua ile haikumtaja baba yake hata kwa neno moja, na sijaandika nyingine.

"Najua, Mwalimu. Lakini mzee amekwisha kusema. Mbuzi huyu siwezi kumrudisha Nyansurura."

Tukamchinja Jumapili. Walimu wenzangu walikuja wote. Mkuu wa shule alisifu nyama, akajiongezea ugali, kisha akaniomba kwa upole nisiandike barua tena.