Dagaa wa Watu Hawarukwi

Muuza dagaa hapa Katoro alipofungua kiroba, harufu ya jua na ziwa ilinipanda puani, nikajikuta nimeacha kuchagua nyanya.

Nilikuwa mtoto tena, nimeshika vidole viwili vya mama. Tulitembea kandokando ya ziwa, kutoka kijijini kwetu kwenda kwa shangazi, ambako angeniacha niishi. Mchangani zilitandazwa nyavu kuukuu, na juu yake dagaa walikuwa wakikauka, macho yao madogo yakimeta. Mama aliniambia kwamba dagaa wa watu hawarukwi, unazunguka kwa upande wa maji. Tukazunguka. Maji yalitufika vifundoni, ya uvuguvugu, na changarawe ikanitekenya nyayo.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake kwa ufagio alinyoosha mgongo, akamsalimu mama kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu. Pitieni tu hapa katikati, njia ipo.”

“Mwangaluka. Acha tu, tutazunguka,” mama akajibu.

Tukawazunguka wake, na wa jirani yake, na wengine waliofuata. Nilipoliona bati la nyumba ya shangazi nilianza kumvuta.

“Mama, tumefika.”

“Taratibu. Usije ukakanyaga vya watu.”

Ulibaki wavu mmoja tu, karibu kabisa na mlango wa shangazi. Ulikuwa mtupu, hauna hata dagaa mmoja. Mama aliutazama kidogo, akaukamata mkono wangu wote, tukauzunguka na huo.