Fulana za Njano Msibani

Hadi leo nikisikia mtu anatamka neno "kujitolea" kwenye kipaza sauti, nanyanyuka nikatoka nje. Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu mbele kidogo ya Kolo, sikumbuki hata kulisikia. Mtu akifa, wanawake waliosikia kilio walijifunga kanga kiunoni, wakabeba kuni na maji, wakaenda. Mwenye unga alikwenda na unga, asiye na kitu alikwenda na mikono yake. Na hakuna aliyeshukuriwa. Kwetu kumwambia mtu asante kwa kukusaidia kuzika kulikuwa kumtukana, kana kwamba unamwambia yeye ni mgeni kwako, na siku yake ikifika asikutegemee. Maziko yakiisha watu waliosha masufuria, wakajifuta mikono, kila mmoja akaenda zake.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Dukani kukawa na sabuni za kila rangi, mitumba ikafika hadi kwenye gulio letu, na chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua mazao yetu kikafa bila hata tangazo. Ofisa wake mmoja alirudi kijijini na mkoba wa ngozi na maneno mengi. Alikuwa mdogo wake baba mkubwa, na baba mkubwa ni mume wa dada yake mama. Baba mkubwa na mama mkubwa ndio walionilea tangu sijaanza shule, kwa hiyo huyo bwana nilimwita baba mdogo. Hakukaa sana akaanzisha jumuiya ya maendeleo, na kuanzia hapo hakutaka tena kuitwa baba mdogo. Akawa Mwenyekiti, hata kwa mkewe.

Sitaki kumwonea. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa cha maana: kisima cha pampu. Kiangazi cha kwetu anakijua aliyekibebea ndoo, na mimi nimekibebea. Wafadhili kutoka Ulaya walikuwa tayari kutoa ruzuku, ila walitaka kwanza waone kwa macho yao jinsi wanakijiji wanavyojitolea. Hapo ndipo Mwenyekiti aliponogewa. Alipanga siku, akaiita siku ya familia: wageni waje, wale pilau nasi, watazame ngoma, waone akina mama wakichapa kazi kwa umoja. Akaagiza Dodoma fulana za njano zenye jina la jumuiya kifuani. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari huko Mpwapwa, nimekuja nyumbani likizo, nikapewa kazi ya kutafsiri.

Alfajiri ya siku hiyo hiyo baba mkubwa akafariki.

Alikuwa ameugua kifua muda mrefu. Alikuwa mtu wa shamba la ulezi na mizinga ya nyuki, mpole, mwenye kucheka bila sauti, na nguo zake zote zilinukia moshi. Imamu alitangaza kwamba atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Vijana wakaenda kuchimba kaburi, wazee wakamwosha na kumvisha sanda, na wanawake wakaanza kufika na kuni zao kama siku zote. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kinakwenda kinavyopaswa kwenda.

Mwenyekiti alifika akilia, na ninaamini alilia kweli. Baadaye akanivuta pembeni.

"Mwalimu," alisema, macho bado mekundu, "wageni wameshaondoka Dodoma. Hakuna namna ya kuwazuia."

"Basi wakifika waambiwe kuna msiba. Waketi na watu, watoe pole, waende."

"Ndiyo maana yangu. Si wanataka kuona tunavyosaidiana? Wataona wapi zaidi ya hapa?"

Nilidhani uchungu umemchanganya. Nilipomwona anafungua boksi la fulana nikajua hajachanganyikiwa hata kidogo.

Aligawa moja moja, kwa wanawake na baadhi ya wanaume, kwa upole, huku akiwapa pole. Wanawake walizipokea. Wapo waliosonya, wapo walioziweka begani wakitumaini yataishia hapo, lakini alipowakumbusha habari ya kisima wakazivaa. Bibi mmoja aliivaa juu ya baibui, akabaki amesimama karibu na mafiga, njano juu, nyeusi chini, haelewi aweke wapi mikono yake. Mbuzi waliokuwa wametengwa kwa ajili ya wageni walichinjwa vile vile, na pilau ikainjikwa. Kwetu pilau ni ya hitima, siku ya tatu. Siku ya maziko watu hula ugali na maharage, wakila kwa aibu. Siku hiyo harufu ya bizari na nyama ilijaa ua mzima, ikaingia hadi chumbani alimolala marehemu.

Adhuhuri ikafika. Wanaume wakasali, wakarudi na jeneza tupu kutoka msikitini, wakaliweka pale uani. Ndugu wa marehemu ndiye wa kusema sasa twendeni, na ndugu aliyekuwepo ni huyo mmoja.

"Tusubiri kidogo," akasema Mwenyekiti.

Imamu alimjibu taratibu. "Ndugu yako amekwisha tayarishwa. Hana anachokingoja hapa."

"Hadi alasiri tu, Imamu. Kijiji kizima kitapata maji."

Niliwatazama wale wanaume. Mmoja alikuwa ameahidiwa uashi wa kisima, mwingine ulinzi wa pampu, mwingine kiti kwenye kamati. Walikuwa watu wazima, wenye ndevu na wake, watu waliokula asali ya baba mkubwa na ulezi wake, na wote walikuwa wanachora mchangani kwa vijiti. Niliwaambia wazi kwamba wanatia aibu. Hakuna aliyeinua uso. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, mambo haya yana wenyewe," kisha akarudi kwenye kijiti chake. Nimewahi kuchukia watu kwa ubaya waliotenda, lakini siku ile nilijifunza kuchukia watu waliokaa tu.

Nikaingia ndani. Bati lilikuwa limepata moto na chumba kilikuwa kama jiko lililofunikwa. Mama mkubwa alikuwa amekaa chini kando ya mumewe, ameshika kipepeo cha jikoni, anampepea. Alikuwa anafukuza inzi. Walichoma ubani, lakini ubani na joto na pilau vilikuwa vimechanganyika, na chini ya hayo yote kulikuwa na harufu nyingine iliyokuwa inaanza, ambayo sote mle ndani tuliisikia na hakuna aliyeitaja.

"Mwanangu," aliniuliza, "wanangoja nini?"

"Wanangoja wageni, mama."

"Wageni gani wanaomjua huyu?"

Nilimwomba kipepeo nimpokee, akakataa. Alisema jambo moja tu analolitaka ni mumewe atoke mle ndani akiwa bado ni mtu. Baadaye kidogo Imamu alichoka kungoja. Akaingia na wazee watatu na lile jeneza, wakamlaza baba mkubwa ndani yake, wakalifunika kwa kitambaa cha kijani na kulisogeza ukumbini, karibu na mlango. Zaidi ya hapo wasingeweza. Wa kulibeba walihitajika wengi, na wengi walikuwa bado wanatazama barabara.

Gari jeupe la wafadhili lilifika alasiri ikiwa imekaribia. Alishuka mama wa Kizungu mwenye mvi, amening'iniza kamera shingoni, na mabwana wawili nyuma yake, wote wamejaa vumbi na furaha. Yule mama aliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema walipofika Kolo wasingeweza kupita bila kupanda kuona michoro ya mapangoni, na kwamba michoro ile ilikuwa mizuri kupita walivyotarajia. Nilisimama pale nikiyasikiliza maneno hayo kwa Kiingereza, najua kwamba mimi peke yangu kwenye ua ule ndiye ninayeyaelewa, na nilitamani ningekuwa sijasoma.

"Wanasema nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Wanasema walikuwa wanatazama mapango."

"Waambie hawajachelewa kabisa."

Wageni walikuwa wameandikiwa kuwa watakuta mkusanyiko wa familia, na mkusanyiko waliukuta. Waliona watu wengi wamekaa mikekani, wanawake wa njano, masufuria yanafuka. Kamera ikaanza kazi. Yule bibi wa baibui alipigwa picha, mwiko ukapigwa picha, sufuria la pilau likapigwa picha. Mwenyekiti alitembea mbele yao akionyesha kwa mkono, akisema watu hawa hawalipwi, hawa wanajitolea, na mimi ilibidi niyaseme hayo kwa Kiingereza, ulimi mchungu kama nimelamba shubiri.

Ningevumilia hadi hapo. Lakini Mwenyekiti alikwenda mlangoni akaita kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Shemeji, hebu toka kidogo uwashukuru wageni wetu."

Wanawake wote kwenye mafiga wakageuka. Mjane aliyeanza eda anaitwa mlangoni atazamwe na wanaume asiowajua, tena aitwe ashukuru. Hata wale wenye vijiti waliacha kuchora.

Mama mkubwa alitokea. Alikuwa amejifunika hadi usoni, ameacha macho tu. Alisimama kizingitini, na nyuma ya bega lake lilionekana jeneza na kile kitambaa cha kijani. Aliwatazama wageni waliokuwa wamejaa mbele ya mlango, akanyoosha mkono wake wa kulia, akapitisha hewani polepole kama mtu anayefagia.

"Pisheni atoke," akasema.

Kamera ikalia.

"Amesema nini?" mama wa Kizungu aliniuliza huku akitabasamu.

"Mwambie amewakaribisha," Mwenyekiti aliharakisha kusema.

Nikamwambia yule mama kama ilivyosemwa. Nikamwambia amesema mumpishe mume wake atoke. Nikamwambia amekufa tangu alfajiri, na alipaswa kuzikwa mchana, na amewekwa kwenye joto ili ninyi mfike.

Alishusha kamera. Uso wake ulibadilika, akawashika wenzake mikono akawavuta pembeni, kisha akakaa chini mchangani na kulia. Sitamdhihaki, alilia kwa dhati. Kilichonitapisha ni watu wetu. Wanawake walimkimbilia kwa maji na kanga ya kumfutia machozi, mmoja akamkung'uta vumbi la sketi, wakimwambia pole mama, pole. Mwenye msiba alikuwa amesimama mlangoni peke yake.

Sasa kwa kuwa mgeni amelia, wanaume wote wakapata miguu. Walilipokea jeneza kwa kugombania, baadhi yao ndani ya fulana za njano, wakaondoka nalo mbio mbio. Jua lilikuwa limeinama waliporudi. Pilau ikapakuliwa, na watu wakala. Siwezi kuwalaumu kwa njaa yao. Niliwalaumu kwa kuinua sahani mara ya pili.

Mwenyekiti hakusema nami siku tatu nzima. Alikuwa na hakika nimeuangusha mradi kwa mdomo wangu. Kumbe wageni walirudi kwao wakiwa wameguswa mno, na ruzuku ikaja haraka kuliko alivyoiomba. Akanisamehe mbele ya watu, na sijui kama kuna tusi lililowahi kuniuma kama msamaha ule. Kisima kilichimbwa, maji yakatoka, tena baridi na matamu. Siwezi kusema uongo juu ya maji.

Mama mkubwa alipomaliza eda nilikuwa likizo tena. Siku moja tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya jumuiya, chumba kimoja kando ya duka, kwa sababu masufuria makubwa ya msiba sasa yalitunzwa huko na alitaka kurudisha moja lililobaki kwake. Ukutani, juu ya meza ya Mwenyekiti, palitundikwa picha kubwa ya rangi ndani ya fremu, iliyoletwa kutoka Ulaya. Alikuwa ni mama mkubwa mwenyewe. Amejitanda, amesimama mlangoni, mkono wa kulia umenyooshwa.

"Umeona shemeji?" Mwenyekiti alisema kwa bashasha. "Umefika Ulaya kabla yangu. Wageni wote wakiingia hapa wanasema huyu mama anajua kukaribisha."

Mama mkubwa aliweka sufuria chini. Alisogea hadi karibu kabisa na ukuta, akaitazama picha ile kwa muda, hasa upande wa bega lake. Picha ilikuwa imekatwa hapo hapo begani, sawasawa, kama kitambaa kwa fundi.

"Kaka yako yuko wapi hapa?" akauliza.

Mwenyekiti alikohoa. "Ah, walipunguza kidogo, shemeji. Jeneza lisingependeza ofisini."

"Basi na mimi nipunguzeni."

Mwenyekiti akacheka sana, akidhani anataniwa kama mashemeji wanavyotaniana. Picha hakuitoa. Ilikuwa ingali ukutani miaka iliyofuata, siku niliyoingia mle ofisini kuomba masufuria kwa ajili ya maziko ya mama mkubwa, na karani aliyenifungulia mlango akaniuliza kwanza kama akina mama watakaopika wameshaelezwa kuhusu posho yao.