Jua Lenye Mikono la Bwana Mbarouk

"Shoga, yule mzee wenu wa chini haabudu Mungu, anaabudu jua," aliniambia Mwanasiti, jirani yetu wa nyumba ya tatu, akinishika mkono kwenye foleni ya mkate. "Nimechungulia dirishani kwa macho yangu haya. Kabandika ukutani jua lina mikono. Mikono, wallahi! Inashuka chini kama ya mtu anayegawa halua."

Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani roho haijatulia. Hapo Stechford, mtaa wa Birmingham, mimi na mume wangu na Raya wetu wa miezi saba tulikodi chumba cha juu, na Bwana Mbarouk alikuwa na chumba cha mbele, chini. Ilikuwa Februari ya 1972, siku za mgomo wa wachimba makaa, umeme ukikatwa saa kadhaa hata mchana. Mpaka siku ile nilimjua kwa miguu yake tu. Anatembea, anasimama, anaburuta meza, anatembea tena. Mtoto akianza kusinzia, meza hiyo inaburutwa.

Nikashuka kumwomba anihurumie.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Ingia, mwanangu, ila usiikanyage Misri."

Misri yenyewe ilikuwa picha za mawe, mamia, zimetandazwa sakafuni mpaka mlangoni. Akanieleza huku akizunguka baina yake kwa soksi. Kila jiwe lina urefu wa dhiraa moja, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole, mtu mmoja analibeba begani. Mfalme mmoja wa kale aliyajengea hekalu la jua. Waliokuja baada yake wakalivunja, mawe wakayajaza ndani ya kuta zao, yakakaa humo miaka elfu tatu na zaidi. Sasa yanatolewa, na hakuna ajuaye lipi lilikaa karibu na lipi.

"Mkono huu," akasema, akiinua picha moja, "bega lake limo humu ndani. Nalitafuta."

Na ukutani, kweli, lilikuwapo jua, kila mwale wake umeishia kwenye kiganja. Mwanasiti hakusema uwongo. Hakuuliza tu.

Kwao Unguja alikuwa mchora ramani wa serikali. Alikuja Birmingham mwaka 1964, akakata skrubu kiwandani miaka mitano, mpaka bibi mmoja wa chuo, mtaalamu wa mambo ya kale, alipotafuta mtu mwenye mkono mtulivu wa kumuungia picha hizi. Mkono ulikuwa mtulivu kweli. Miguu ndiyo haikukubali kutulia.

Toka siku ile meza ikaacha kuburutwa Raya akilala, nami nikawa nashuka na chai. Wiki moja nikamkuta na furaha isiyomkalisha. Alikuwa ameunga mawe matatu, yakatoa malkia mzima ananyanyua ua kulitolea jua. Jiwe la kati lilikuwa limemtesa mwaka mzima. Alikwisha kumwandikia yule bibi, naye akajibu kwamba atakuja Jumatano alione, aliingize kwenye taarifa yake.

Jumatatu umeme ukakatika saa nne asubuhi. Akaniomba nimsogezee zile picha tatu dirishani. Nilizishika kwa mkono mmoja, Raya yuko kiunoni ananivuta mtandio, nami nikaziangalia sana.

"Ami, hii ya kati mbona kivuli chake kiko kulia?"

"Kivuli gani?"

"Cha michongo. Picha zote humu kivuli kiko ukingo wa kushoto. Hii peke yake kulia."

"Mpiga picha huweka taa kushoto siku zote, na mchongo umezama ndani ya jiwe, kwa hiyo ukingo wa kushoto ndio unaotia kivuli. Ndiyo sheria yao." Sauti ilikuwa imekauka. "Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi."

Nikaziweka mezani, nikapanda na mwanangu. Chini miguu ikaanza, haraka kuliko siku zote, dirishani na mlangoni, dirishani na mlangoni. Kisha ikasimama.

"Mama Raya! Shuka, nimekukosea."

Nilimkuta na picha mkononi. Akasema kama taa iko kushoto na kivuli kiko kulia, basi picha imesafishwa kinyume, filamu imegeuzwa, kila cha kushoto kimekuwa cha kulia. Maandishi hayakumwonya, maana Wamisri wale waliandika kuelekea pande zote mbili. Bega lile ni la upande mwingine wa mtu mwingine. Jiwe si la hapo.

"Hicho kivuli kiko hapa, sivyo?" akauliza, akaweka kidole.

Alikiweka mahali patupu, pasipo na mchongo wowote.

"Ami, hapo hapana kitu."

Hakubisha. Alikiacha kidole palepale.

"Tangu Ramadhani naona ukungu," akasema. "Nikabadilisha miwani, ukungu ule ule. Sikumwambia mtu. Yule bibi akijua, mawe atampa mwingine, nami kiwandani sirudi, nakuapia. Lakini malkia mwenye bega la mtu mwingine akiingia kitabuni, nani atamtoa?"

Raya alikuwa amekaa sakafuni, ameshika pembe ya picha anaitia mdomoni, na mzee hakumwona. Nikaitoa polepole.

Bwana Mbarouk akavuta kiti akaketi. Nilikuwa sijapata kumwona ameketi katika chumba kile.

"Jumatano nitamwambia mwenyewe, la macho na la jiwe," akasema. "Lakini kwanza nijue nimeharibu mangapi. Tangu Ramadhani nimeunga mara arobaini. Mlaze mtoto hapo kitandani pangu, uje ukae hapa. Nitakupa moja moja, wewe uniambie kivuli kiko wapi. Na pale nilipokosea, mwanangu, nakuomba, usinihurumie."