Sauti ya Darini

Wenzake wa uwanja wa ndege walimwita Kasuku, naye hakuudhika. Kutwa nzima alikaa kwenye kijichumba cha vioo juu ya ukumbi wa abiria wanaobadilisha ndege, akitangaza mlango upi umefunguliwa na nani anachelewa. Sauti alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Mtu aliyekuwa akikoroma kitini alikurupuka na kushika njia ya mlango namba nne kabla hajajua anakwenda wapi.

Ila kila jioni, kabla ya kumpisha wa zamu inayofuata, alitangaza jambo lisilohusu ndege yoyote: "Fundi, dada yako anakusubiri dawati la maulizo." Miaka minane sasa. Msimamizi alishachoka kumkanya.

Huyo Fundi ni kaka yake, wamenyonya ziwa moja. Alikuwa akitengeneza redio, mkono mwepesi, mdomo wa utani, mpaka akili zilipomchafuka akaanza kusema redio zinamtaja. Siku alipozivunja zote na kujifungia chumbani, dada aliingiwa na hofu akawapigia simu polisi. Wakaja wanne. Walivunja mlango, wakamlaza kifudifudi, wakamtia pingu, na alipokuwa akiburutwa hakuwatazama wao, alimtazama dada yake. Hospitali walimtibu, wakamruhusu, na nyumbani hakurudi tena. Jamani, dada alimkumbuka yule mtu hata kwa mambo ya kijinga, kama chai aliyokuwa akiiacha nusu kikombe kila asubuhi. Akajiambia kwamba siku moja kaka atapita hapa uwanjani, na atamsikia.

Basi Alhamisi moja mchana kulikuwa na abiria aliyekwama siku ya pili. Ndege yake ya kwanza ilichelewa, ya pili ikamwacha, na begi lenye dawa zake likatangulia. Dawati hili lilimtuma kwa lile, lile likamrudisha kwa hili. Hakuwa amelala. Kasuku alimwona kupitia kioo, amejibana nyuma ya mashine ya maji, ameziba masikio, na kila tangazo likitoka anapiga mayowe. Watu badala ya kumsaidia wakatoa simu kumpiga picha. Polisi wakaitwa.

Kasuku alipoona sare, alisimama, akingoja kuona pingu. Lakini sajenti, mama mmoja mnene wa makamo, aliwasimamisha wenzake mbali, akavua kofia, akaketi sakafuni hatua chache kutoka kwa yule bwana. Wakazungumza kidogo. Kisha akatazama juu kwenye kioo na kupiga simu ya kijichumba.

"Anasema dari linamtafuta," alisema. "Nyamaza kwanza, mwanangu. Nusu saa tu."

Msimamizi akaja juu. Ndege tatu zinapakia, eti asiyetaka kutangaza akatafute kazi kwingine. Kasuku alijua huenda anamwaga unga, na bado akazima spika zote, akashuka, akapita kiti kwa kiti akiwaelekeza watu kwa mdomo, ndege yako hii, mlango wako ule. Miguu ilimwaka moto.

Baadaye yule bwana alisimama mwenyewe. Sajenti alitembea naye pole pole, bila pingu, kuelekea chumba cha daktari. Walimpita Kasuku akimwelekeza bibi mmoja, na bwana akasimama ghafla. Aliitambua sauti.

"Ni wewe uliyekuwa juu?"

"Ni mimi, kaka. Samahani. Nilikuwa nawaita tu, msiachwe na ndege."

Alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kabisa. "Usiniite," akasema. "Nitakuja mwenyewe."

Wakaenda zao. Kasuku akakaa kwenye kiti cha abiria na kulia mbele za watu, maana ndipo alipoelewa. Miaka minane alikuwa akimwita kwa spika mtu aliyevunja redio kwa kuwa zinamtaja. Huenda Fundi alishapita hapa. Huenda alimsikia, akakaza mwendo.

Jioni alitangaza mlango namba saba, akazima kipaza sauti. Wa zamu akamkumbusha kwamba leo hajamwita Fundi. Akajibu kwamba leo hapana.

Alishuka mpaka dawati la maulizo, akasimama pale anapoweza kuonekana na kila atokaye, akanyamaza.