Sale la shetani

Asubuhi mke wa kaka yangu amenipigia kuniambia ugomvi wetu ni kazi ya shetani. Nimechoka na huyu shetani anayesingiziwa kila kitu. Nikachukua panga, nikaenda kupunguza masale, mimea iliyopandwa kwenye mpaka wangu na kaka, na harufu ya majani mabichi ikanirudisha jikoni kwa bibi.

Bibi alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori, moshi wa kuni unatuwasha macho. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba shetani alikuwa malaika, akajivuna, akafukuzwa mbinguni. Rafiki yangu Mwislamu naye alisema Ibilisi aliumbwa kwa moto, akagoma kumsujudia Adamu.

"Bibi, nani mkweli?"

"Wote wanasema kiburi. Nipe hiyo ndizi."

"Sasa yeye kiburi alifundishwa na nani?"

"Mtoto wewe, utanimaliza."

Sikukoma. Kwetu aliyekosa hupeleka jani la sale kwa aliyemkosea, na ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe. Nikauliza, "Kwa nini shetani hakumpelekea Mungu sale?"

Bibi akashusha pumzi. "Kwa sababu anasubiri aletewe yeye. Umeridhika?"

Nilichungulia nje, kwenye masale yaliyotutenga na shemeji yake. Yeye na bibi hawakuwa wamesalimiana tangu kabla sijazaliwa.

"Na wewe, bibi?"

Ndizi zilikuwa zimeshajaa sufuria, lakini aliendelea kumenya.