Ringi Chini ya Samadi

Juzi shule ilitupeleka kulima kwenye mahame ya kijiji chetu cha zamani. Nguzo ya mpira wa kikapu bado imesimama, kipara kama mwalimu wetu wa zamu.

Mchana ule serikali ilipotuhamisha, nikiwa bado mdogo, lori lilinguruma uani na dizeli ikanuka kuliko ng'ombe. Wachezaji wa timu yetu ya kikapu walipangiwa vijiji tofauti. Mimi niliamini kaka Chacha, nahodha, hawezi kuondoka bila ringi yake aliyoitengeneza kwa pete ya chuma ya pipa, na asipoondoka yeye, haondoki mtu. Nikaing'oa nguzoni, nikaifukia kwenye samadi zizini, nikaikalia.

“Mdogo wangu, hujaiona ringi?” aliuliza kaka. “Nikiwa nayo nitaanza timu upya huko.”

“Sijaiona, kaka.”

“Pandeni,” baba akasema. “Nyumba inabomolewa, ninyi mnatafuta chuma?”

Kaka akapanda amekumbatia mpira. Katika kijiji kipya aliudunda peke yake siku chache, kisha akawapa watoto waupige mateke.

Juzi nilichimba pale zizini, nikaipata. Ipo chini ya kitanda changu bwenini. Kaka mpaka leo anamlaani dereva wa lori akiamini ndiye aliyeiiba, na barua yangu ya kuungama kwake haivuki “shikamoo”.