Kitambaa Chekundu Kwenye Breki ya Kulia

Shemeji yangu ni fundi wa baiskeli, na mji mzima wanamwita Hakikisha. Jina kajitafutia mwenyewe. Ukimletea baiskeli ya kuzibwa pancha, atakaza na skrubu ambazo hukumwambia, kisha ataizungusha uani mara mbili ndipo akuachie. Nimefanya kazi naye miaka tisa, na ziko siku ambazo taratibu zake hizo zimenipandisha hasira mpaka nikatoka nje kupunga upepo. Dada yangu alimpendea hizo hizo taratibu, basi mimi nina la kusema?

Karakanani ana sheria moja haivunjwi. Baiskeli ambayo kazi yake haijakamilika hufungwa kitambaa chekundu, na yenye kitambaa haipandwi, hata na mwenye mali.

Tena ana ukaidi wake. Baiskeli zetu zote, breki ya mbele iko mkono wa kushoto na ya nyuma kulia. Yake ni kinyume. Miaka kumi na moja iliyopita alianguka kwenye Ngazi, mteremko wa mawe ulio upande wa pili wa mlima, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa ukaunga vibaya. Kwa kuwa breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, akaihamishia mkono mzima. Tangu hapo hajaikanyaga tena Ngazi.

Anayeikanyaga ni binti yake. Ana miaka ishirini na miwili na anajiandaa kwa mbio za enduro, zile ambazo unapanda kwa nafasi yako ila kushuka kunapimwa kwa saa. Jumamosi ile aliondoka saa moja na nusu asubuhi kwenda kuuzunguka mlima: apande kwa njia ya msituni, avuke mgongo wa mlima, ashuke Ngazi, arudi kwa barabara ya machimbo. Mawingu yalikuwa mazito tangu alfajiri. Siku moja kabla, baba yake alikuwa amemfungia breki mpya, akafunga na za kwake mwenyewe, baiskeli mbili zikining'inia bega kwa bega.

Saa tatu hivi niliitoa nje baiskeli ya shemeji ili nifagie. Nikaipanda kwa uvivu wa kuisukuma, nikabana kwa mkono wa kulia kama nilivyozoea, na nusura nirukie upande wa pili wa usukani.

"Shemeji, breki zako hizi zitaniua!"

Nilitegemea anitanie. Wapi! Alikuwa amesimama kando ya meza, amefumba macho, mikono yake inabana hewa. Mkono wa kulia ndio uliobana kwanza.

"Nilizifunga sawasawa," alisema.

"Sawasawa vipi?"

"Baiskeli zote mbili. Kama yangu."

"Lakini si uliijaribu yake hapo uani?"

"Niliijaribu mimi," alisema, akafumbua macho.

Hapo nikaelewa. Mikono iliyofunga ndiyo iliyojaribu, na kwa mikono ile kila kitu kilikuwa mahali pake. Wakati wa kupanda mtu habani breki, kwa hiyo binti asingegundua. Kwenye Ngazi angetaka kuzuia gurudumu la nyuma, angefunga la mbele, na baiskeli ingemtupa kichwa mbele kwenye mawe.

Tulimpigia simu, hakupatikana. Kule juu hakuna mtandao, tulijua, tukapiga tu. Tukaingia kwenye pikapu. Barabara ya machimbo inaishia chini ya Ngazi, na kuanzia hapo ni miguu. Shemeji ndiye aliyeendesha. Mtu ambaye huwasha taa ya kona hata barabara ikiwa tupu, siku hiyo alizikata kona zote kwa upande usio wake. Nilishikilia mlango kwa mikono miwili.

Tukapanda mbio juu ya yale mawe, mimi nikihema kama pampu mbovu. Katikati ya Ngazi, mahali njia inapobanwa kati ya mwamba na korongo, tulisikia kokoto zikiporomoka juu yetu, kisha mlio wa cheni. Nikavuta pumzi nipige kelele. Kiganja cha shemeji kikaniziba mdomo.

"Ukimwita atashtuka," alininong'oneza. "Akishtuka atabana."

Nilimchukia dakika ile, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tukijitokeza, tunamuua. Tukinyamaza, tunamtazama akifa. Akanivuta nyuma ya jiwe tukalala kifudifudi. Mkono wake mbovu ulinikamata shati, ukakaza mpaka kola ikaniuma shingoni.

Akatokea. Magoti kayakunja, mwili kaurudisha nyuma karibu ugusane na gurudumu. Akashuka jiwe la kwanza, akashuka la pili. La tatu ndilo refu, ndilo lililomvunja baba yake, na hapo kila mtu hubana. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilitazama mkono wa kulia.

Vidole vyote vilikuwa kwenye usukani. Breki ya kulia ilikuwa imezungushiwa kitambaa chekundu na kupigwa fundo.

Gurudumu la nyuma likaburuzika, likayumba, likashika njia. Akatupita. Hatua chache chini yetu akasimama na kugeuka.

"Baba? Mjomba? Mnalala kwenye mawe?"

Kidevu chake kilikuwa na damu iliyokauka. Shemeji alishuka kwake akijikwaa.

"Nilizijaribu moja moja kabla ya kushuka, kama unavyonihubiria kila siku," binti alimwambia. "Ya kulia ikanimwaga hapo hapo."

"Kwa nini hukushuka kwa miguu?"

"Radi zinapiga kule juu, baba. Nijikokote kwa miguu?"

"Na kitambaa?"

"Ninacho mfukoni siku zote. Kazi haijakamilika, si ndiyo sheria?"

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. Shemeji akamshika mabega. "Nisamehe, mwanangu. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine anafunga breki hivi?" Akacheka, halafu kilio kikampata, wakashikana palepale mvua ikianza.

Jioni shemeji alizirudisha breki za binti, kila moja upande wake. Hakukifungua kitambaa mpaka binti mwenyewe alipoizungusha baiskeli uani na kusema iko sawa. Kisha akakichukua, akaenda kukifunga kwenye baiskeli yake.

Jumatatu nilimkuta anahamisha breki yake ya mbele kwenda kushoto.

"Na huo mkono?" nilimuuliza.

"Juzi ulikukamata vizuri tu."

Alipomaliza hakuipanda. Aliniletea mlangoni, kitambaa bado kimefungwa, akasimama kando yangu, mikono nyuma.

"Ijaribu wewe," aliniambia.